Mstari wa Chini ya Jina Lako

Zefania, ndugu yangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba mtu akijitafuta kwa bidii, mwisho atajiona. Hupekua asili yake, hupekua damu yake, hupekua moyo wake, kama mtu anayeutafuta ufunguo nyumba nzima, kumbe umefungiwa ndani ya sanduku lile lile analotaka kulifungua. Hayo nimeyafundisha shuleni na kanisani mpaka nikastaafu. Ungekuwa hapa ungenikata kauli: "Mwalimu, unamweleza samaki maji." Basi leo nivumilie. Naeleza kwa sababu nimebakiwa na hilo tu.

Wewe ulijitafuta kweli kweli. Mama yako alikombolewa utumwani, akalelewa na wamisionari, akafa wewe hujaota meno ya pili. Hakukuachia jina la ukoo wala la mto wa kwao. Ulichokikumbuka ni chale tatu katika kila shavu lake, kama nyayo za kuku. Ukazichora kwa penseli, ukaikunja karatasi, ukaiweka mfukoni mwa shati. Kila mgeni aliyepita mbele ya cherehani yako, pale barazani kwa Mhindi mwenye duka, awe kuli wa Kurasini, askari aliyerudi vitani au mwuza tumbaku, ulimtolea karatasi ile. "Hizi ni za watu gani?" Mmoja alisema za Wayao, ukajifunza kusalimia Kiyao. Mwingine alisema za Wangindo, ukahamia kwa Wangindo. Bi Chausiku, jirani yako, akipita na ndoo yake kichwani alikuuliza, "Haya, Zefania, leo tumeamka kabila gani?" Nawe ulicheka pamoja nasi. Sikujua kicheko kile kilikugharimu nini.

Nilikuja kujua Jumapili moja baada ya ibada, ulipofika kwangu na kofia mkononi. Nilikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha watu wa kwetu, sisi tuliotoka milimani. Temeke kila kabila lilikuwa na chake. Mtu akifa mbali na kwao, wenzake ndio wanunuao sanda, ndio wachimbao kaburi, na watani wa kabila lao huja kuwakejeli wafiwa ili kilio kisiwaue. Asiye na kabila hana chama, na asiye na chama hana mtani. Ukasema, "Mwalimu, niandike katika daftari lenu. Sitaki kitu kingine. Nataka kujua nani atanichimbia."

Nami nikakueleza. Nilieleza vizuri sana, Zefania. Nikasema hakuna mtu anayejipa jina. Mtoto hujua yeye ni nani kwa sababu yuko aliyemwita. Nikasema Mungu alikuita kwa jina siku ya ubatizo wako, na huo ndio ukoo wako, usihangaike kutafuta mwingine. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukauliza, "Kama sote ni ndugu mbele ya altare, mbona jembe la kaburi lina kabila?"

Nikajibu kwamba taratibu za chama ni taratibu za chama. Ukavaa kofia yako, ukanishukuru kwa chai. Chai yenyewe ulikuwa hujainywa.

Baada ya hapo ulikwenda Lindi, kwa mzee mmoja aliyesifiwa kwamba anazijua chale zote za nchi hii. Ulikaa huko mwezi mzima. Uliporudi ulinisimulia jinsi alivyoitazama karatasi yako, akakurudishia, akasema, "Mwanangu, hizi angeweza kuzichanja yeyote. Mtoto akiuzwa mara tatu, huchanjwa mara tatu." Nilidhani utavunjika. Ukaketi kwenye cherehani, ukaigeuza ile karatasi, ukaandika nyuma yake vipimo vya kanzu ya mchungaji. Hukuniangalia uliposema, "Nguo haijijui ni ya nani, Mwalimu. Anayejua ni yule aliyechukua kipimo."

Jambo hilo hilo mimi nilikuwa nimelisema miaka mingi. Wewe ulikuwa umelipokea.

Mwaka ule ule karani wa kodi akakuuliza kabila lako mbele ya foleni nzima.

"Andika Mkristo."

"Mkristo si kabila, mzee."

"Basi acha wazi. Mwenyewe atajaza."

Foleni ikaangua kicheko, na safari hiyo nawe ulicheka kwa raha. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, niliyaona mabega yako. Yalikuwa mabega ya mtu aliyetua mzigo.

Ulikufa wakati wa masika, homa ya siku nne tu. Nikapeleka habari chamani. Wakaniuliza, "Yumo daftarini?" Daftari lilikuwa mapajani mwangu, kalamu ilikuwa mfukoni. Nikasema, "Hayumo." Jogoo hakuwika. Hakukuwa na haja.

Siku tuliyokuzika, vyama vitatu vilikuwa uwanjani vikicheza ngoma, vimevaa sare ulizozishona wewe. Ngoma yao tuliisikia mpaka makaburini. Sisi tulikuwa watano: mchungaji, binti yako Marta, Bi Chausiku, mimi, na yule mwenye duka, aliyeileta bafta ya sanda kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasimama kando kwa kuwa hakuzijua sala zetu. Nilishika jembe la Marta. Mikono iliyozoea chaki ilichubuka kabla shimo halijanifika magotini. Mchungaji akanipokea, nami nikampokea tena.

Bi Chausiku akasema kaburi lisilo na mtani ni shimo tu. Akasogea ukingoni, akaweka mikono kiunoni: "We Zefania! Suruali ya mume wangu umeichelewesha mpaka mwenyewe kafa, leo wakimbilia wapi? Toka humo, mvivu wewe!" Marta akacheka huku analia. Mimi nililia tu.

Unataka kujua yaliyobadilika tangu uondoke. Ni machache. Cherehani yako imefunikwa gunia pale barazani. Mwenye duka hajamtafuta fundi mwingine. Daftari la chama nimelirudisha, na wenzangu wanasema ni uzee. Kanisani tumeanza kuandikishana kuzikana bila kuulizana kabila. Tuko saba. Jembe ni moja, lile la Marta, na wako wanaotucheka wakituona tunakutana kwa ajili ya jembe. Usidhani nakuandikia haya ili unisifu. Kila ninapoandika jina jipya naona mahali ambapo lako lingekaa, na hakuna wino unaofika huko.

Nikueleze jambo moja la mwisho, kisha nikuache. Tangu nilipoliacha daftari nimekuwa nikijiuliza mimi ni nani sasa, nisiye mwalimu tena, wala katibu, na ambaye watu wa kwetu wananisalimia kwa mbali. Nimejipekua kama ulivyojipekua wewe. Nikichimba, chini kabisa namkuta yule mtu mwenye kalamu mfukoni, anasema "Hayumo." Sikumpata mwingine. Kama mtu ni kile anachokikuta ndani yake, basi mimi ndiye huyo, na nitazikwa naye. Ninaloshikilia ni kwamba yuko aliyeniita kwa jina kabla sijalisema neno lile, na hakuliondoa jina baada ya kulisema. Somo langu nimelielewa uzeeni, Zefania, na aliyenifundisha ni fundi cherehani ambaye sikumpa hata mstari mmoja wa daftari.

Nisamehe. Lala, ndugu yangu, mpaka tutakapoitwa sote. Ahadi yangu ni hii: yeyote atakayekufa Temeke hapa bila wa kumchimbia, nitakwenda. Nikishindwa kuchimba, nitakaa kwenye udongo mpaka wamalize.

Leo magoti yamekataa, kwa hiyo Marta ndiye anayekusomea barua hii hapo ulipo. Amekuja na msalaba wako, ameupaka rangi nyeupe. Jana aliniuliza aandike nini chini ya jina, maana misalaba ya jirani zako imeandikwa kabila na kijiji, naye hakutaka wa baba yake uonekane mpungufu. Nikamwambia asubiri. Nilitaka jibu lifike mbele yako.

Basi Marta, mwanangu, ukifika hapa ikunje barua. Usingoje kesho. Chukua brashi, andika Zefania, jina alilobatizwa. Mstari wa chini uache wazi.