Kenge Chini ya Meza ya Kukatia

4 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi sijambo. Kazi mpya ya kutengeneza mafriji inakwenda vizuri, isipokuwa mwenye nyumba wa huku amekataa katakata mnyama yeyote, hata paka.

Ndiyo maana nilikuachia kenge wangu, Bwana Mkubwa. Najua unamwogopa, na najua ulikubali kwa sababu nililia. Lakini bafuni si mahali pake, mama. Kenge wa ukubwa ule anataka nyumba yake: upande mmoja taa ya kumpa joto, upande wa pili pawe na ubaridi, karai la maji la kuingia mwili mzima, udongo wa kufukua, na komeo la kweli, kwa kuwa ana akili ya mwizi. Nimemlea tangu akiwa mwembamba kama kidole. Baridi kali ikimkuta bila joto hatapona. Kwa hiyo nimezungumza na watu wa bustani ya wanyama: nyumba isipokuwa tayari mwisho wa Juni, watakuja kumchukua. Na wakimchukua, simpati tena.

Tafadhali, mwone seremala.

Mwanao,
Kitinda mimba

19 Mei

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nasema sisi kwa kuwa siku hizi siishi peke yangu. Tuliambiwa kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, lakini hatukuambiwa msafara utaishia bafuni kwangu. Naoga kwa jirani. Asubuhi nikifungua mlango ananitolea ulimi, namwambia, "Samahani, baba," nafunga.

Nyumba isikutie wasiwasi. Seremala wetu ameshaanza kutengeneza kabati la mbao ngumu, mlango wa kioo. Vipimo nimechukua mwenyewe kwa utepe wangu, yeye amelala fofofo dirishani anaota jua, na mimi mguu mmoja uko mlangoni. Nimeshona tangu hujazaliwa na sijawahi kukosea kipimo cha mtu, sembuse cha mjusi.

Kula vizuri.

Mama yako

12 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimeaibika.

Kabati limekuja. Tulimvuta Bwana Mkubwa kwa yai, akaingia kiungwana kabisa, mkia ukabaki nje. Tukamgeuza, kichwa kikabaki nje. Seremala akaniuliza, "Mama, huyu ulimpimaje?" Nikamwonyesha: bega mpaka nyonga, kifua, kiuno, kama mteja wa gauni. Alikaa sakafuni kwa kucheka. "Na kichwa je? Na mkia?" Nikamwambia tangu nianze kazi hii sijapata mteja mwenye mkia.

Ningecheka na mimi, lakini mbao zimeshakatwa na baridi imeingia. Tangu juzi hali chochote. Amejikunja nyuma ya ndoo, ngozi yake ni baridi kama sakafu. Nimemfunika shuka langu. Sikujua kama ningemhurumia, na sasa namhurumia sana. Usiwaite wale wa bustani kabla hujasikia kwangu.

Mama yako

18 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole. Nilipofika kwenye nyonga nilicheka mpaka mafundi wenzangu wakaja kutazama. Nilipofika kwenye shuka nikalia. Usijilaumu. Nitasubiri mpaka siku ya mwisho, lakini zaidi ya hapo nitakuwa namuua kwa ajili ya kumpenda.

Mwanao

25 Juni

Kitinda mimba,

Hujambo mwanangu? Huku ni nderemo. Waambie watu wa bustani wakae kwao.

Nilikuwa nakata mapazia, mkasi ukaniponyoka. Nikainama kuuokota, na pale chini ya meza yangu ya kukatia nikaona nafasi ndefu kuliko kitanda, ina vipande vya vitambaa tu. Nilimwita seremala, akaja akiwa bado anatafuna. Kabati tukalivunja, mbao zikawa kuta, kioo kikakaa mbele, wavu upande wa cherehani, karai langu la kufulia likawa bwawa, na taa ya joto ikaning'inia pembeni. Safari hii nilipima kuanzia puani mpaka ncha ya mkia, nikaongeza na nafasi ya kugeuka.

Alilala chini ya taa kutwa nzima. Jioni akanyanyua kichwa, akanywa, akala samaki na mayai. Nilipiga vigelegele peke yangu. Na yule mteja anayelalamikia kila gauni alikuja, akamwona, akasema lake limemkaa vizuri sana.

Mama yako

20 Septemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za wateja, na za Bwana Mkubwa? Mimi nina furaha tupu: nimehamia nyumba yenye uwanja, mwenye nyumba hana neno na wanyama, na nimejenga banda. Jumamosi ijayo nakuja na sanduku kumchukua. Utapata meza yako, upumzike.

Nijibu.

Mwanao

Jumamosi, mezani kwako

Mama,

Shikamoo tena, ingawa tumeamkiana asubuhi hii. Barua yangu hukuijibu. Leo umenikumbatia, umenilisha, kisha ghafla ukakumbuka uzi umekwisha, ukatoka. Mama, droo imejaa uzi.

Nilifungua kioo. Alinijua. Alininusa kwa ulimi, akanipandia mapajani, nikamkuna shingo kama zamani. Halafu akashuka, akarudi chini ya meza, akalaza kidevu kwenye wavu, pale mguu wako unapokaa ukishona. Nimembembeleza kwa mayai na samaki. Amegoma, macho ameyakaza mlangoni.

Niliogopa kumpoteza. Sasa naona kwamba nisipomchukua ndipo nitakapokuwa naye, kwa kuwa nitajua analala wapi na anaongea na nani kutwa. Nimelia kidogo, na ni kilio cha furaha. Sanduku limerudi garini tupu. Kwenye banda nitafuga kuku.

Nampa seremala barua hii akufuate nayo huko madukani. Rudi nyumbani, mama. Mwenzio hali kitu mpaka akuone.

Mwanao