Mluzi Ndani ya Kabati la Taa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima, na goti la Mama limepoa. Barua hii usimsomee kwa sauti kama mlivyozoea. Isome peke yako jikoni.

Cherehani yangu inaendelea kuniweka mjini. Wateja wananitania kwamba siku hizi Chiriku kawa mpole. Ni kweli, sisemi sana. Mwaka jana kidonda kilinitoka mdomo wa chini. Nikazilaumu pini, maana sisi mafundi hushika pini kwa midomo. Nikaacha pini, kidonda hakikuniacha. Kikawa kigumu, kikavuja damu kila nilipokula.

Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo, akakipeleka maabara. Majibu yaliporudi akaniuliza kama niliwahi kutibiwa kwa mionzi. Nikamweleza yale magamba ya utotoni, na lile kabati la taa za mionzi la hospitali lililoitakatisha ngozi yangu hadi watoto wenzangu wakaacha kunikimbia. Akasema tiba ile ni ya kweli, lakini mionzi ikizidi huweza kuleta saratani ya ngozi miaka mingi baadaye. Akashangaa mbona mdomo haukufunikwa.

Sababu naijua, Dada. Unakumbuka nilivyoogopa kufungiwa mle? Mama, akiwa kwenye benchi nje, aliniambia nipige mluzi ili ajue sijazimia. Muuguzi akacheka, akakikunja kitambaa cha uso hadi juu ya pua, mdomo ukabaki wazi. Nilipiga mluzi kila safari mpaka taa zizimwe. Na Mama kila safari alinisifu.

Wiki iliyopita walinikata mdomo wa chini, karibu wote. Wameshona vizuri, ingawa mshono ule mimi nisingeuachia hata kwenye kola. Shingoni kuna uvimbe, bado wanauchunguza. Naogopa, Dada. Nina hasira pia, na sina wa kumkasirikia.

Mama asijue abadani. Akijua, hatalala tena. Maneno yangu yamekuwa mazito. Mwambie nimeng'oa jino. Na ili asinipapase uso, mwambie nina mafua.

Nisalimie wanao wote. Nitakuja daktari akiniruhusu. Macho ya Mama yamekwisha, na hunitambua kwa mluzi mlangoni. Wewe ndiye uliyenifundisha, bado unauweza. Nikifika nitasimama kimya uani. Toka kwa mlango wa nyuma, uje usimame kando yangu, unipigie.

Mdogo wako,
Chiriku