Baba, Usiing'oe Shawa ya Bibi

Baba, shikamoo.

Nimewahi basi la shule. Kanzu yako nimeianika uani. Koki ya bafuni ifungwe kila usiku, na tyubu ya shawa ikilegea, ikazwe kwa waya.

Mtuhumiwa anakiri. Jana nilishinda sakafuni nikiunga shawa ya mkono kwenye bomba kuukuu la hodhi la kuogea, kwa mpira na kipande cha tyubu ya baiskeli. Kisha niliacha koki wazi, kama tunavyofanya sote maji yakikatika, ili tuyasikie yakirudi. Yakarudi alfajiri, ukiwa unatawadha. Shawa ikaruka, ikakuogesha na kanzu yako. ~~Nilicheka kwa bahati mbaya.~~ Nilicheka. Nisamehe.

Umesema ukitoka dukani utaing'oa. Nimechoka kubishana, lakini sikiliza. Bibi hawezi tena kunyanyua kata ya maji, na anaona haya Mama akimwogesha. Ndiyo maana kila siku anasingizia baridi. Leo, ulipokwisha kwenda msikitini, alijifungia, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaoga mwenyewe. Alikaa nusu saa.

Alipotoka aliniuliza kama na kesho ataruhusiwa. Mjibu wewe.

Mwanao na fundi uliyemfukuza,
Lukumani