Isale la Shemeji Anaeli

Jumamosi, jioni. Huku mjini jua limewaka kutwa, lakini viatu vyangu bado vina tope la Machame na sijavigusa. Nina hasira. Naandika kabla sijaoga, maana nikioga itapoa, na leo sitaki ipoe.

Asubuhi tulipanda mlimani mimi na Sunita. Sunita ni mtafiti kutoka Nepal. Tunafuatilia pamoja habari za wajane wanaofukuzwa kwenye mashamba ya waume zao, yeye kwenye milima ya kwao, mimi huku kwetu. Mimi ni mwanasheria, Mhindi wa Moshi. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, na marehemu baba aliuza majembe na misumari hapa mjini mpaka mgongo ukapinda.

Aliyetuita ni Mama Ndeshi. Mumewe alifariki akamwachia mabinti wawili na kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye kahawa, migomba na kaburi la mume mwenyewe. Kwa kuwa hakuna mtoto wa kiume, shemeji yake Anaeli akaanza kusogea. Kwanza aling'oa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kuwa alama ya mpaka. Kisha akapanda migomba yake mpaka nyuma ya jiko la mjane. Mama Ndeshi akafungua shauri kwenye baraza la ardhi, nami nikamsaidia. Linasikilizwa Jumatano.

Ghafla ukoo ukaitisha kikao leo. Mama Ndeshi akataka tuwepo.

Tulifika, tukawaamkia wazee, tukakalishwa kwenye benchi pembeni. Mbege, ile pombe ya ndizi, haijaanza hata kuzunguka, mzee mmoja aliyevaa koti la suti akauliza kwa sauti ya kusikika, "Hawa Wahindi wamekuja kununua nini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, eti kwa adabu. Kicheko kile bado kinanikera.

Halafu Anaeli akasimama. Kavaa nadhifu, kichwa kainamisha, kashika shina la isale kwa mikono miwili. Akaenda nalo mpaka mbele ya mjane. "Shemeji, nimekukosea. Nisamehe, na hayo mambo ya baraza tuyaache."

Wazee wote wakageuka kumtazama mjane.

Sunita akaninong'oneza, kuna nini? Nikamweleza. Isale likiletwa halikataliwi. Anayelikataa ndiye anayegeuka mkosaji, na baya lolote litakalompata yeye au watoto wake, watu watasema alijitakia. Nimekua nikisikia jinsi isale lilivyomaliza ugomvi wa watu waliokuwa tayari kukatana mapanga. Ni mila nzuri kuliko sheria nyingi nilizosoma chuoni. Ndiyo maana damu ilinichemka.

Maana huyu bwana hakurudisha kitu! Hata mgomba mmoja. Anaomba msamaha wa ardhi ambayo bado ameikalia. Amechukua kitu walichokiheshimu bibi zake, akakifanya kufuli la kumfunga mjane mdomo. Na wale wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika, mambo yamekwisha, mbege iletwe.

Nikasimama. Sikupewa nafasi, nilisimama tu. Nikasema msamaha usiorudisha mpaka ni wizi wenye adabu. Nilifoka, najua. Mzee wa koti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu, "Binti yangu, na kwenu je? Lile duka la baba yako, wewe ulipewa nini?"



Duka alipewa kaka yangu Imran. Lote. Mimi nilipewa bangili za mama na maneno matamu kwamba mume atanitunza. Mume mwenyewe hajatokea mpaka leo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee hakuuliza ili mimi nipate haki yangu. Aliuliza ili Mama Ndeshi akose yake. Kana kwamba nikidhulumiwa mimi mjini, inakuwa halali yeye kudhulumiwa mlimani.

Nikakaa. Nilijua tumeshindwa.

Mama Ndeshi akainuka. Akalipokea isale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Nimekusamehe, shemeji. Kwa moyo wote." Makofi yakaanza. Yeye hakukaa. Akapita katikati ya watu, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akazunguka jiko na kushuka mpaka pale masale yalipong'olewa. Sote tukamfuata. Akachimba, akalisimika lile shina, akashindilia udongo kwa mguu.

"Umeniletea moja," akasema huku anahema. "Nimelirudisha mahali pake. Mengine utaleta mwenyewe. Jumatano nitawaambia baraza kwamba nimekusamehe, halafu nitawaonyesha mpaka."

Anaeli alibaki kulitazama. Angeling'oa vipi? Ndilo aliloombea msamaha yeye mwenyewe, ukoo mzima ukiona. Mzee wa koti akajikuna shingo, akaomba kata ya mbege.

Sunita hakuhitaji tafsiri, alikuwa analia. Njiani kurudi aliniambia bibi yake alitolewa kwake vivyo hivyo, kwa heshima zote, na shada la maua shingoni.

Hasira yangu haijaisha. Migomba ya Anaeli bado iko nyuma ya lile jiko. Na kwa nini mwanamke alazimike kuwa mwerevu kiasi kile ili tu abaki na kilicho chake? Shemeji hakuhitaji werevu wowote. Alihitaji kuzaliwa mwanamume.

Tulipoagana, Mama Ndeshi alinikatia kipande cha isale kwenye ua wake. "Peleka kwenu," akasema, akarudi kukoka moto.

Sasa kiko mezani, kwenye kopo la maji.

Kesho mchana Imran anakuja kula. Nitampikia pilau anayoipenda, nitamwacha ashibe. Kopo sitaliondoa. Akiuliza hili jani la nini, nitaanzia hapo.