Jani la Sista na Kikuba cha Shangazi

Muscat, Ijumaa, Mfunguo Mosi (Desemba 1970)

Leo kuna kibaridi kizuri, kile kinachowafanya watu wakae uani mchana kutwa wakimshukuru Mungu, kwa sababu bado wanakikumbuka kiangazi. Ingekuwa siku njema. Lakini nna hasira mpaka wino umeshadondoka kabla sijaandika neno la maana.

Wanataka nisirudi Bombay.

Meli inaondoka wiki ijayo. Mtihani wangu wa mwisho ni Machi, na mimi nimeshafanya karibu masomo yote, nimebakisha kurudia tu. Leo, baada ya chakula cha mchana, jambo hili limekatwa kama vile watu wanavyokata habari ya kununua au kutonunua zulia. Na mimi nilikuwepo, nimekaa palepale na sahani mkononi.

Nijaribu kuandika kwa utaratibu. Nikikasirika huwa naruka mambo.

Sisi ni watu wa Unguja. Babu zetu ni wa hapa, wa Hail, lakini sisi tumezaliwa kule. Baada ya mambo ya mwaka sitini na nne, Baba alikuja huku, na mimi na Mama tukaenda Bombay kwa Mjomba, kaka yake Mama. Mama alipokuja kumfuata Baba, mimi nilibaki kwa Mjomba ili nisome. Skuli yangu ni ya masista wa Kiayalandi. Mimi huja Muscat wakati wa likizo tu, na kila nikija naona haya upya, kama mgeni anayeletewa sahani nzuri.

Safari hii nimekuja na picha. Ilipigwa Machi iliyopita, mimi na sista mmoja, katika ukumbi wa skuli, siku ya sikukuu ya Waayalandi. Niliiweka ndani ya kitabu isikunjike. Mama aliipenda, na leo, Shangazi alipokuja kula kwetu kama kila Ijumaa, Mama akaitoa kumwonesha. Simlaumu Mama. Alikuwa anajivunia mwanawe.

Shangazi Zuhura ndiye dada mkubwa wa Baba na ndiye aliyemlea. Baba hambishii. Ofisini, tangu serikali mpya ianze kuwatafuta watu wanaojua Kiingereza, Baba anasema na wakubwa bila kutetereka. Mbele ya Shangazi anakuwa mtoto wa miaka tisa.

Tulikuwa tumekula samaki wa Qantab kwa wali wa nazi, nazi yenyewe ya Malabar, na Shangazi ameshaieleza nazi hiyo ila zake zote. Alikuja amejifukiza udi, na kikuba cha maua kifuani. Unguja alikuwa mashuhuri kwa vikuba. Harusi za Malindi zilikuwa zikimngoja yeye atunge maua ndipo bibi harusi atoke. Hapa anatunga kwa asumini na mrehani wa kwenye madebe yetu, na waridi akilipata.

Akaishika picha mbali na macho.

"Huyu si Zuwena huyu? Na hiki juu ya kichwa chake n'nini?"

Ni msalaba. Upo ukutani pale ukumbini, na picha imepigwa hivyo kwamba umekaa sawasawa juu ya kichwa changu. Wallahi sikuwahi kuuona. Unapita chini yake kila siku kama unavyopita chini ya saa.

Shangazi akamgeukia Baba. "Mtoto umempeleka kusoma au umempeleka kubatizwa?"

Baba akaacha kula. Mama akasema ni ukumbi wa skuli tu. Shangazi akauliza na hicho alichobandikwa kifuani ni alama gani. Nikasema, kwa ile sauti yangu ambayo hata mimi siisikii vizuri, kwamba ni jani tu.

"Jani," akasema Shangazi. "Mbuzi wangu naye anapenda majani, lakini hajaenda kupigwa picha nayo."

Mama alicheka, akajizuia. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Kisha Shangazi akasema Waingereza hao hao walitutazama tu kule Unguja, na leo tunawapelekea na watoto wetu. Baba akaitikia kwa kichwa.

Si Waingereza!

Nimeliandika hilo kwa nguvu mpaka nibu imetoboa karatasi. Sista Benigna, anayetufundisha mimea na hesabu, hugombana na muuza matunda wa mlangoni kila asubuhi kwa sababu anamwita bibi wa Kiingereza. Kila asubuhi anamsahihisha, na kila asubuhi yule mzee anakubali, kesho yake anaanza tena. Waayalandi wa Bombay hawafiki hata kujaza ukumbi. Kuna masista, kuna daktari mmoja, kuna mfunza farasi wa mashindano, kuna Bi Nora anayefundisha piano, ambaye mumewe alikuwa mtu wa reli na kaburi lake liko kulekule. Siku ya sikukuu yao wanakuja wamevaa nguo za kijani zilizopauka, wanaimba nyimbo za kwao, wanalia, wanakula keki, wanacheza ngoma ya miguu ambayo mikono haitikisiki kabisa. Kisha wanaulizana habari za vijiji ambavyo wengine hawajaviona tangu usichana wao. Mara ya kwanza nilipowatazama nilidhani nimo kwetu, Bibi yangu hajafa bado, na wanawake wote wa Unguja wamekaa mkekani wanatajiana mitaa.

Na wanabandika jani. Jani dogo la vipande vitatu, kifuani, kila mmoja, na sisi wanafunzi tukitaka. Ni la nchi yao. Linatoka kwenye vyungu vya Sista Benigna.

Mwaka juzi nililitafuta katika kitabu cha mimea maktaba. Jani la kwao lina vipande vya mviringo na maua meupe. La chunguni lina vipande kama kopa za karata, maua ya manjano, na ukilitafuna ni chachu. Nikakichukua kitabu mpaka kwa Sista, nikidhani nimemfanyia wema. Akatazama picha ya kitabuni, akanitazama mimi.

"Najua, mwanangu," akasema. "Yaliyotoka kwetu yalikufa mvua za mwaka wa kwanza. Hili linaota hapa."

Akaendelea kumwagilia. Nikaja kufahamu kwamba wote wanajua, daktari anajua, Bi Nora anajua. Wanalibandika na hapana mtu anayelisema.

Mambo yote haya yalikuwa kichwani mwangu pale mkekani, yamepangika vizuri, na kinywani hakikutoka kitu. Ndivyo nilivyo. Ninajibu vizuri sana saa mbili baadaye.

Baba akasema sasa skuli ya wasichana ipo hapahapa Muscat, kwa nini mtoto avuke bahari. Alisema akiitazama sahani.

Skuli hiyo nimekwenda kuiona juzi na Mama. Karibu nilie kwa furaha. Wasichana wamejaa, wengine wamekaa chini, kila mmoja na kitabu chake, hapa Muscat, mahali ambapo mwaka jana tu nisingeweza kukifikiri kitu hicho. Lakini madarasa ni ya wadogo, mengine bado hayajafunguliwa. Mwalimu alinipa ubao niandike, akaniangalia kwa huruma, akasema kwa Kiarabu changu ningeanza na wanaoanza. Ningekaa na binti wa jirani yetu, ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka. Ningekuwa na umri wake ningeikimbilia skuli ile peku. Nna miaka kumi na sita na mtihani Machi.

Hayo nayo sikuyasema.

Kilichonifungua kinywa ni Shangazi kusema, polepole, wala si kwa ukali: "Huyu ameshakuwa wao. Mtazameni vizuri, si wetu tena."

Kabla ya Ramadhani, Mama kanihadithia, Shangazi alikwenda naye Matrah kununua kitambaa. Muuzaji aliwasikia wakisema Kiswahili, akamwambia mwenzake watu hawa warudi kwao Afrika. Shangazi alirudi nyumbani hakula. Alikaa akisema, babu yangu kazikwa Hail, nimwoneshe kaburi? Kule Unguja tuliambiwa turudi Uarabuni. Huku tunaambiwa turudi Afrika. Na yeye, aliyeyaonja yote mawili, ananiambia mimi si wetu tena.

Nikasema, "Shangazi, mtazame na Sista."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mama alinigusa goti.

"Nimtazame wa nini?"

"Kifuani kwake."

Akaisogeza picha, akaisogeza tena mbali. Sista Benigna yupo pembeni yangu, anacheka mpaka macho yamefumba. Ana jani lake. Na chini ya jani, lililobandikwa kwa pini ileile, kipo kikuba. Jana yake nilikuwa nimemhadithia habari za Unguja na habari za Shangazi, akaniomba nimtungie kimoja. Nikatunga kwa asumini na maua mengine ya uani kwa Mjomba. Aliuliza kila ua jina lake, akayarudia kwa Kiswahili kibovu, akakivaa mpaka jioni mbele ya Waayalandi wote.

Shangazi akakiwekea kidole kile kikuba cha pichani.

"Nani kakitunga?"

"Mimi. Kama ulivyonifundisha."

"Kimekaa vibaya. Asumini zimeangalia chini." Kisha akauliza, "Na kilua?"

"Bombay sikukipata, Shangazi."

"Hata hapa hakipatikani," akasema, na mkono ukapanda wenyewe kwenye kikuba chake, chenye mrehani mahali pa ua la kilua.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani atacheka, atanivuta kwake, kama inavyokuwa katika hadithi ninazosoma. Aliigeuza picha ikalala kifudifudi, akasema msalaba bado upo, na kwamba msichana anayemjibu shangazi yake mbele ya baba yake ameshapata elimu ya kutosha. Akaomba buibui lake. Sikumbusu mkono, na yeye hakunipa.

Baba aliichukua picha, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaenda kulala.

Sasa hivi wameadhini Magharibi. Nimesali, nimerudi kwenye hasira yangu, na nimeona kwamba inayoniuma zaidi siyo meli. Kwa nini ilibidi nimtoe mtawa aliyevaa kikuba ndipo watu wa damu yangu waniangalie mara ya pili? Muuza kitambaa wa Matrah anamtaka Shangazi aoneshe kaburi. Shangazi ananitaka mimi nioneshe kikuba. Sitaki kuonesha kitu. Mimi ni wa kwetu nikiwa nimenyamaza, nikiwa Bombay, nikiwa nimebandikwa jani chachu la watu wengine waliopoteza kwao.

Na lipo jambo linalonitia aibu kuliandika. Namwonea huruma Shangazi. Nimemkasirikia vibaya sana, na huku nnauona ule mkono wake ukipanda kifuani.

Baba amepita hapa kidogo kabla sijaanza ukurasa huu. Alisimama penye pazia. Sikuinua kichwa.

"Yule sista," akasema, "alisemaje ulipomwambia jani si lenyewe?"

Kumbe Mama amemhadithia niliyomwambia. Nikamwambia alivyosema. Akaguna, akaenda zake. Picha bado anayo. Sijui maana ya mguno ule na sitaki kujidanganya kwamba naijua.

Ninachokijua ni hiki. Baba hukata mambo yangu akiitazama sahani, na mimi huyapokea nikiitazama mikeka, na Mama hukaa katikati akibeba maneno huku na huku. Kesho atakunywa kahawa peke yake uani kabla ya kwenda ofisini. Nitakwenda mimi, bila ya Mama, na nitakaa mbele yake. Nitamwambia habari ya Machi, na ya darasa la wanaoanza, na kwamba nikifaulu nitarudi kusomesha katika skuli ileile ya hapa, maana nimeona wanahitaji walimu zaidi kuliko wanavyonihitaji mimi mkekani kwao.

Sauti yangu itatetemeka. Na itetemeke.

Akinikatalia, atanikatalia huku ananitazama.