Swali Nililomuuliza Nahodha

Jumatatu, 8 Julai

Hujambo, daftari? Za tangu juzi? Mimi mzima, ila kiuno. Nimetoka bwawani Nyumba ya Mungu na ndoo mbili za perege, nimeparua magamba, nimekaanga, nimeuza hapa Rau hadi karai likabaki na mafuta tu. Mikono inanuka. Sijali. Deo mwenyewe ndiye aliyenibebea ndoo kutoka mtumbwini. Mdogo wangu huyu, miezi tisa sasa hajaonja pombe ya mbege. Sala zetu hazikumtoa kilabuni, uvuvi umemtoa. Mungu ambariki Mzee Shabani, nahodha wao, aliyempa kasia wakati sisi ndugu zake hata ufunguo wa nyumba tulimnyima.

Jumatano, 10 Julai

Nimeharibu.

Nilifika mapema, ndio kwanza wanasukuma mtumbwi. Nikamwamkia nahodha. Nikaongeza, "Mnaelekea wapi leo, mzee?" Kwetu Mwika mtu akipita usipomuuliza anakokwenda, umemdharau. Nilisema kwa heshima zote.

Mzee Shabani akachomoa kasia, akakaa mchangani. Hawakwenda tena. Deo akanivuta pembeni: mvuvi haulizwi safari yake. Ukimuuliza, samaki wameshasikia.

Ndoo zimerudi tupu.

Ijumaa, 12 Julai

Jana walitoka, nyavu tupu. Leo perege watatu na gogo la mti. Lawama zote kwangu.

Deo kapiga simu kunipa masharti ya nahodha. Niende alfajiri, nisukutue maji ya bwawa, niteme kwenye pua ya mtumbwi, niseme "sikuona, sikuuliza". Mara saba. Nisipofanya, Deo anashuka. Chombo hakibebi ndugu wa mwenye mdomo.

Deo hakuniomba. Alisema tu, "Dada, usijisumbue. Nitarudi nyumbani." Nyumbani ni hapa, na kilabu kiko nyuma ya uzio. Bora angenitukana.

Nimechoka. Rozari nimeishia katikati.

Jumamosi, 13 Julai

Jumuiya asubuhi. Nikawaeleza. Katekista akasema huo ni ushirikina, na kukana neno ulilolisema ni uongo juu yake. Dhambi mbili kwa mate mamoja. Sawa. Lakini Deo je? Akasema tumwombee.

Mama Agape, jirani yangu, akadakia: "Wewe Mama Neema, si bibi yako alisema samaki ni ndugu yake nyoka? Leo unawageuza kwenye mafuta. Waache na wenzako waogope yao." Wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaumia. Kweli, bibi hakutaka samaki avuke kizingiti. Aliyeshika samaki hakushika kibuyu cha maziwa, ng'ombe asije akakauka. Hakuwa mjinga. Aliogopa kupoteza ng'ombe mmoja aliyekuwa naye. Mzee Shabani naye ana mtumbwi mmoja.

Mchana nikapanda Mwika, kihambani, kwenye migomba ya marehemu baba. Nikachuma jani la isale kwenye mpaka. Kwetu ukimkosea mtu unalifunga fundo, unampelekea, naye anasamehe. Sijui kama bwawani wanalijua. Sina kingine.

Jumapili, 14 Julai

Misa ya kwanza, kisha bwawani. Mzee Shabani alikuwa anashona nyavu, Deo kakaa mbali, nguo zake zimeshafungwa kwenye mfuko.

Nikatoa jani kwa mikono miwili. Nikasema siwezi kusema sikuuliza, maana niliuliza. Nimekuja kuomba radhi, kikwetu.

Deo akamweleza maana. Mzee akaligeuzageuza.

"Na mtu akilikataa?"

Nikajibu kabla sijafikiri. "Litampata jambo."

Akanitazama. Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Kumbe na nyie mlimani mna yenu."

Akalipokea. Akamwambia Deo arudishe mfuko bandani.

Jumanne, 16 Julai

Deo kapiga simu mchana. Wamepata, si haba. Sauti yake safi.

Jani wamelifunga kwenye pua ya mtumbwi. Hakuna ruhusa kuligusa. Wenye mtumbwi wa pili wameuliza kama naweza kuwaletea na wao.

Kwa hiyo nimekataa ushirikina wao, nikawapelekea wetu. Katekista sijamwambia. Nilikwenda kusema kweli, mdomo ukatoa lile la "litampata jambo", na ndilo lililomrudisha Deo kazini. Nimelifikiria kutwa nzima. Majuto sijayapata, nimepata uchovu tu.

Jioni nimekaa barazani. Kibaridi. Mlima umejifunika.

Bwana, kama ni dhambi iandike kwangu, Deo mwache na kasia lake. Kama si dhambi, niambie. Jumamosi ni kuungama na sijui niseme nini. Nijibu mapema.