Magoti kwa Mwenye Mikate

Kyebando, Kampala
Jumapili jioni

Mama yangu,

Salamu zangu zikukute umeshakamua ng'ombe na umekaa chini. Mgongo unaendeleaje? Na Nekesa wangu, kile kikohozi kilimwacha? Mimi ni mzima, ila nimechoka kufundishwa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mnanisikiliza nyumba nzima, na haya si ya masikio ya mtoto.

Kesho asubuhi nina mahojiano ya kazi Bugolobi, kwenye kiwanda cha mikate. Wanatafuta mtu wa mapokezi. Nikiipata, naachana na kupiga kelele juu ya rundo la mitumba pale soko la Owino, napanga chumba cha maana, na Nekesa anakuja kusoma huku. Juzi kwenye simu aliniita anti, Mama. Nilijifanya sikusikia.

Sasa tangu habari ienee, kila mjinga amekuwa mwalimu. Wa kwanza ni Wekesa wa shangazi. Amehojiwa Kampala hii yote na hajapata kazi hata ya kufagia, lakini alikuja amefunga tai kunielekeza. Eti niwakazie macho. Eti wakiniuliza udhaifu wangu, niseme napenda kazi kupita kiasi.

"Wewe ulisema hivyo?" nikamuuliza.

"Kila mahali," akajibu kwa majivuno.

Wanasema mganga hajigangi, lakini huyu hajawahi kumganga mtu yeyote. Alimaliza viazi vyangu akaenda zake.

Wa pili ni mwenye nyumba wangu, Nnalongo, ndivyo wanavyomwita mama wa mapacha huku. Yeye hakuuliza habari za vyeti. Alisema mwenye kiwanda ni mzee wa Kiganda wa zamani, atakuwemo humo chumbani, na mwanamke humsalimia mzee wa namna hiyo akiwa amepiga magoti.

"Alikataaga Mukenya mwingine," akasema. "Alimusalimia amesimama, kama askari anaomba kitambulisho. Nyinyi Swahili yenu inatishaga watu."

Nilicheka hadi machozi. Mimi nimpigie magoti muuza mikate? Unga na hamira vimempa utukufu gani? Na mzee mwenyewe nilimwona getini nilipopeleka barua ya maombi: tumbo limetangulia, kofia ya sufu juani, anamfokea mlinzi kwa sababu ya kalamu iliyopotea, na kalamu iko mfukoni mwake. Nikamwambia Nnalongo kwetu magoti ni ya kanisani na ya kupandia vitunguu.

"Nasimiyu, wewe iko na kichwa nguvu, banange! Ngoja nikuonyeshe."

Mama, alishuka. Mwanamke wa rika lako, miguu yake inavimba, akapiga magoti kwenye saruji mbele yangu, akanisalimia kwa sauti ya chini kana kwamba mimi ndiye mzee wa mikate. Niliona aibu, nikamvuta mkono ainuke. Akakataa.

"Bado haujajibu. Jibu kwanza."

Nikajibu. Akainuka, akapangusa gauni, akarudi kuchambua maharage yake. Sikuona alichopungukiwa.

Usidhani nimelainika. Wekesa bado ni mpumbavu, na yule mzee bado ni tumbo lenye kofia. Lakini naikumbuka siku ile kwa akina baba Nekesa, walipotaka nipige magoti niombe radhi kwa kosa la mwana wao. Ulinishika mkono mbele ya wazee wote ukawaambia, "Magoti ya binti yangu ni ya Mungu." Tukaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuna siku niliyojivunia kuwa mwanao kama ile. Ndiyo maana nataka uyasikie haya kutoka kwangu mwenyewe.

Kesho nitapiga magoti, Mama. Nimejizoeza mchana kutwa, na hata magoti yenyewe nimeyapaka mafuta, yalikuwa yamepauka kwa vumbi la Owino. Usinikasirikie.

Nisalimie baba mdogo wa kinu cha unga, na mama mchungaji aliyenifunza kusoma. Shangazi naye msalimie, ila pale pa mwanawe usimsomee.

Na Nekesa akiuliza barua imetoka kwa nani, mwambie imetoka kwa mama yake.

Ni mimi mwanao mwenye kichwa kigumu,
Nasimiyu